Ardhi Inayoyeyuka Januari

Mzee Wachira alikuwa bado mochari ya Kitale, na watu waliokusanyika nyumbani kwake Kiminini kupanga mazishi walikuwa wanacheka. Si wote waliocheka kwa ubaya. Wengine walijaribu kujizuia, wakaficha midomo nyuma ya vikombe vya chai. Lakini Kiarie, mwenyekiti wa kamati na mzee wa kanisa, alikuwa amerudia maneno yale kwa sauti, na kwa kurudiwa yalisikika vibaya zaidi.

"Ati ardhi imeyeyuka," alisema. "Uwanja wa ndege umezama kwa matope kwa sababu ardhi imeyeyuka. Si ndivyo alisema, Mama Kui?"

Mwihaki alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Macho yote yalimgeukia, kwa kuwa simu ilikuwa yake, na mume aliyepiga simu hiyo kutoka Urusi alikuwa wake.

"Ndivyo alivyosema," alijibu. "Huko aliko, chini ya udongo kuna barafu iliyokaa miaka na miaka. Joto likizidi inayeyuka, na kilicho juu yake kinazama. Nyumba zinainama. Barabara zinapinda. Sasa hata ndege hazitui."

"Barafu chini ya shamba," mtu alisema huko nyuma. "Na wanavuna nini, aiskrimu?"

Kicheko kikarudi. Kinyua, shemeji yake, hakucheka. Alikuwa ameegemea ghala ambalo wiki iliyopita lilikuwa limejaa mahindi na sasa lilikuwa na magunzi tu, maana mahindi yalikuwa yameuzwa ili mochari ilipwe.

"Mimi nilisema tangu mwanzo," alisema. "Hiyo ni hadithi ya mtu hataki kuja. Angesema ni mgonjwa ningemwamini. Angesema hana nauli ningemwamini. Lakini ardhi iyeyuke? Bana, hata kama ni kudanganya, danganya watu vizuri."

"Usimwite ndugu yako mwongo na baba yenu hajazikwa."

"Hajazikwa kwa sababu ya nani, Mama Kui?"

Mzee Wachira mwenyewe ndiye aliyetaka kungojwa. Kabla hajanyamaza kabisa alisema asifukiwe mpaka Waithaka, kifungua mimba wake, arushe udongo wa kwanza. Hakuna aliyethubutu kupuuza neno la mwisho la mzee, lakini mochari haikujua maneno ya mwisho. Kila asubuhi deni lilipanda, majirani wakaendelea kuja kula na kunywa, na kanisa likaanza kuuliza viti vyake vitarudi lini.

Kiarie alikohoa kuonyesha kwamba mzaha umekwisha. "Jumamosi," alisema. "Akija asije, Jumamosi tunazika."

Nyaguthii, mke wa marehemu, alikuwa ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake wa kanisa. Hakuwa amesema lolote tangu mkutano uanze. Sasa aliinua kichwa.

"Tumngoje hiyo Jumamosi," alisema. "Atakuja."

Alilisema kwa utulivu uliofanya hata Kinyua ainamishe macho. Wanawake wakamshika mabega. Mwihaki alimtazama mama mkwe wake akahisi kwamba katika boma lile kulikuwa na watu wawili tu waliokuwa bado wanamwamini Waithaka, na kwamba wawili wanatosha.

Alikuwa amefanya kazi ya kumwamini kwa muda mrefu. Waithaka alikwenda kusomea ujenzi binti yao Kui akiwa hajaanza kutembea, na sasa Kui alikuwa darasa la nne. Baada ya masomo alipata kazi katika mji wa machimbo huko kaskazini, na alipopiga simu alisimulia jinsi wanavyojenga nyumba juu ya nguzo ili joto la watu lisiifikie barafu ya chini. Mzee Wachira aliipenda sana hadithi hiyo. Alipolala mgonjwa karibu na dirisha la sebuleni, Waithaka alipiga akasema barafu imeanza kuachia na njia zimefungika, na tangu hapo kila jioni mzee alimuuliza mkaza mwanawe, "Barafu imefika wapi?"

"Imepungua, baba," Mwihaki alimjibu. "Yuko njiani."

Alifariki akiwa bado anauliza.


Asubuhi iliyofuata Mwihaki alibeba sweta za shule kuzipeleka Kitale. Alikuwa na mashine ya kufuma, na mwezi wa kwanza ndio mwezi wake. Msiba ulipoingia ulimkuta na oda ambayo hangeweza kuirudisha. Shule iliyomwagizia ilikuwa na mwalimu wa jiografia, Mwalimu Chepkemei, mwanamke mpole wa kutoka upande wa mlimani, na ndiye aliyepokea sweta.

Mwihaki alingoja mpaka zikaisha kuhesabiwa.

"Mwalimu, kuna kitu nataka kukuuliza, na usinicheke. Kuna nchi ambayo ardhi inayeyuka?"

Chepkemei hakucheka. Alivuta kiti akamkalisha, akamweleza kwamba zipo sehemu za kaskazini ya dunia ambako udongo umeganda kwenda chini kuliko kisima chochote cha Trans-Nzoia, na kwamba miaka hii joto limeongezeka, barafu ile inaachia, na majengo yanapasuka katikati kama mkate. Milima inateleza. Miti inalala upande kama walevi.

"Kwa hivyo ni kweli," Mwihaki alisema.

"Ni kweli kabisa. Kwa nini?"

Ilibidi Mwihaki ainame kama anayefunga kamba ya kikapu, kwa sababu machozi yalikuwa yamemjaa. Alitamani Kiarie angekuwepo. Alitamani Kinyua angekuwepo, na yule mtu wa aiskrimu. Akamweleza mwalimu habari yote: mzee aliyelala mochari, kamati, simu, uwanja wa ndege uliozama.

"Na ameipiga lini hiyo simu?"

"Juzi."

"Amesema inayeyuka sasa? Mwezi huu?"

"Amesema huwezi kutembea nje. Matope."

"Januari huko ni baridi ya kuua mtu, Mama Kui. Ardhi inakuwa kama chuma. Hata mito inakuwa barabara, malori yanapita juu. Kuyeyuka ni mwezi wa sita, wa saba, wakati wao wa joto." Alimwona mwenzake anavyobadilika uso, akaongeza haraka, "Labda uwanja ulipasuka wakati huo na hawajautengeneza. Labda simu haikusikika vizuri."

"Labda," Mwihaki alisema. Akachukua kikapu chake. Akasahau kumshukuru.


Jioni ile Waithaka alipiga. Skrini haikuonyesha namba, kama ilivyokuwa siku zote.

"Wanasemaje?" aliuliza.

"Wanazika Jumamosi."

"Waambie wangoje kidogo. Huku bado kubaya. Leo nimetoka nje, matope mpaka magoti."

Mwihaki alikuwa ameketi kwenye mashine yake ya kufuma, uzi wa kijani ukiwa bado kwenye sindano. "Mwalimu mmoja ameniambia Januari huko kila kitu kimeganda," alisema. "Anasema malori yanapita juu ya mito."

"Huyo mwalimu amewahi kufika huku?"

"Hapana."

"Basi. Hali ya hewa imeharibika dunia nzima, Mwihaki. Si hata huko kwenu mvua imekataa? Utaniamini mimi ama utaamini mwalimu wa Kitale?"

"Nakuamini wewe," alisema, na aliona haya kwa jinsi alivyolisema upesi.

Simu ikakatika. Alikwenda jikoni, akamkuta Nyaguthii akichagua maharagwe kwenye ungo, akamweleza aliyoyasema mwalimu. Alitaka kusikia mama yule mtulivu akisema kitu ambacho kingemrudisha alipokuwa asubuhi.

Nyaguthii hakuacha kuchagua. "Huyo mwalimu amewahi kufika huko?" aliuliza.

Maneno yalikuwa yale yale. Mwihaki akajiambia kwamba mama na mwana huongea namna moja.

Kesho yake, watoto walipokwisha kwenda shule, Nyaguthii aliomba simu ampigie dada yake wa Nyeri amweleze habari za Jumamosi. Alikwenda nayo nyuma ya zizi. Alikaa huko kidogo tu, akairudisha, akasema dada yake atajaribu kuja. Baadaye Mwihaki alitaka kumpigia mteja wa sweta, na alipobonyeza kitufe ikatokea namba ya mwisho iliyopigwa. Haikuwa ya Nyeri. Ilianza na sifuri tano tano. Kitale ni sifuri tano nne. Kila mtu aliyekuwa na simu upande ule alijua kwamba tano tano ni Bungoma.

Aliitazama kwa muda. Halafu akaipigia.

"Haro, hadiwea," sauti ya msichana ilisema, ikichanganya r na l. "Unataka nani, mama?"

Mwihaki hakujua anamtaka nani. "Mtu aliyeongea na mama mzee asubuhi hii."

"Aa, mama ya Injinia. Huyo ametoka, ameenda kupimia mtu msingi. Atarudi saa ya kura. Nimwambie ni nani?"

"Anaitwa nani huyo injinia?"

"Si ni Waithaka," msichana alisema, akicheka kwa wema. "Rakini sisi tunamuita Injinia wa Balafu. Hadithi zake ni za balafu tu."


Hakumuaga mtu. Alivaa leso juu ya nguo za nyumbani, akapanda gari mpaka Webuye, akabadilisha, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa Bungoma, akiuliza hadiwea yenye injinia. Haikumchukua muda. Ilikuwa upande wa barabara ya Chwele, mabati yamesimamishwa nje, mifuko ya saruji imepangwa mpaka juu, na kati ya mabati na saruji alisimama mumewe akimkatia mteja waya.

Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa zimeanza kumtoka. Alimwona, akamaliza kukata waya, akamkabidhi mteja, na mikono yake ikabaki ikishika koleo.

"Mama amekuambia," alisema.

"Mama hajaniambia kitu."

Walienda nyuma ya duka, mahali palipokuwa na mawe ya kujengea. Waithaka alimpangusia jiwe moja vumbi akae. Hakukaa.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa saba."

"Mwaka jana."

"Ndiyo."

Akaanza kusema, na mara alipoanza hakuweza kuacha. Walikuwa wamejenga nyumba ya ghorofa ya wafanyakazi wa machimbo, juu ya nguzo, kama kawaida. Kukaja joto, na mwaka uliofuata kukaja joto jingine. Nguzo za upande mmoja zikashuka. Walisikia nyumba ikilia, wakatoa watu kwa madirisha, na kesho yake ukuta ukafunguka mtu akaona vitanda vya wenzake kutoka barabarani. Kampuni ikafunga. Wageni wakaambiwa waende bila mshahara.

"Hiyo yote ni kweli," alisema. "Mwihaki, nakuapia. Hiyo ya ardhi ni kweli."

"Najua ni kweli. Hata nimeitetea mbele ya watu."

"Nilishuka Nairobi nikiwa na begi moja. Nilikuwa nakuja nyumbani. Halafu nikafikiria ile harambee, Kiarie ameshika kipaza sauti, baba yako mzazi ameuza lile shamba la mtoni ili mimi niende. Nirudi na begi moja? Jamaa wa Sirisia tuliyekuwa naye kule akaniambia Bungoma kuna kazi. Nikasema mwezi mmoja tu, nipate kitu mkononi. Mwezi ukaisha. Nikampigia mama kwa simu ya jirani, akaja tukaonana. Aliniambia nirudi. Nikamwambia nitarudi Krismasi."

"Mama alikuja hapa."

"Mwezi wa nane."

Mwihaki alikumbuka mwezi wa nane. Nyaguthii alisema anakwenda kumwona rafiki yake wa zamani aliyelazwa. Mwihaki ndiye aliyempa nauli, na akampa mayai ya kumpelekea mgonjwa.

"Baba alikuuliza," alisema. "Kila jioni. Anauliza barafu imefika wapi, na mimi namwambia imepungua. Namwambia uko njiani. Nimemdanganya mtu anayekufa, Waithaka, kwa mdomo wangu huu, na mama yako amekaa pale pale anasikia, na wewe uko hapa unakata waya."

"Ningemwangalia vipi?"

"Kwa macho."

Waithaka aliinamisha kichwa. Wakati huo mwanamke alitokea pembeni ya duka, amebeba chakula kwa kitambaa, mtoto mgongoni, mkubwa mno kuwa wa Waithaka. Aliwaangalia wote wawili, akaweka chakula juu ya jiwe polepole.

"Habari yako, mama," alisema.

"Nzuri. Mimi ni Mama Kui. Natoka Kiminini."

Mwanamke alimgeukia Waithaka, na alipoona hatasema kitu, akamgeukia tena mgeni. "Mimi naitwa Peris," alisema. "Ariniambia wewe uriorewa na mtu mwingine. Ati urichoka kungoja."

"Sijachoka," Mwihaki alisema. "Nimekuja kumwambia baba yake anazikwa Jumamosi."

"Baba yake nani?"

"Wake."

Mtoto alianza kulia, Peris akamtikisa mgongoni bila kumtazama. "Baba yako amekufa," alimwambia Waithaka, "na jana umeniuriza kama nimerudisha chupa za soda."

Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu aliyelelewa vizuri na hakujua la kufanya, Peris alifunua ugali na mboga za kunde, akamwomba Mwihaki akaribie wale. Mwihaki hakuwa ameonja kitu tangu asubuhi. Harufu ya kunde ikampanda puani, tumbo likanguruma, na wote watatu walilisikia. Katika mambo yote ya siku ile, hilo ndilo lililotaka kumliza. Aliomba maji tu. Akayanywa akiwa amesimama, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Jumamosi," alimwambia Waithaka. "Baba alisema ni wewe."

Waithaka alimfuata mpaka ukingo wa barabara. "Nikija," alisema kwa sauti ya chini, "utawaambia?"

Mwihaki alimtazama. Alingoja aulize juu ya Kui, hata jina tu, hata darasa. Gari likaja akapanda.


Nyaguthii alikuwa akimwagilia sukuma wiki maji ya kuogea Mwihaki aliporudi. Alitazama viatu vya mkaza mwanawe, vilivyokuwa na vumbi la rangi nyingine.

"Umetoka wapi?"

"Bungoma."

Maji yaliendelea kumwagika kutoka kwenye karai mpaka yakaisha. Nyaguthii hakukana wala hakulia. Miaka yote ambayo walikuwa wamepika jiko moja, Mwihaki alijua kila kunjo ya uso ule, na sasa aliutafuta kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Atakuja?" mama aliuliza.

Hilo tu.

"Sijui. Nimemwambia."

"Akija," Nyaguthii alisema, "tusimwaibishe mbele ya watu. Mambo ya nyumbani tutayamaliza nyumbani."

Mwihaki aliingia ndani, akawasha taa, akamwangalizia Kui hesabu zake za shule. Hakusema kitu siku ile, wala iliyofuata.


Jumamosi Waithaka alifika. Alikuja na gari la kukodi lenye vumbi, na alipofungua mlango watu wote walisimama, maana alikuwa amevaa koti zito la sufu lililofika chini ya magoti, lenye manyoya kwenye ukosi, koti ambalo hakuna mtu wa Kiminini angelinunua hata akiwa kichaa. Jua lilikuwa kali. Jasho lilikuwa linamtiririka masikioni. Lakini lile koti liliwaeleza watu kila kitu walichotaka kujua.

Kiarie alikuwa wa kwanza kumkumbatia. "Umetoka mbali, mwanangu," alisema, sauti ikakatika. "Kumbe ni kweli. Kumbe ni kweli."

Walimletea kiti cha mbele. Walimletea maji ya kunawa, halafu chai, na aliyekuwa ameuliza kuhusu aiskrimu ndiye aliyeshika sahani ya mkate. Kui alisukumwa mbele na wanawake, wakamwambia, "Msalimie baba," naye akanyoosha mkono kama anavyomsalimia mgeni wa kanisa, akarudi mbio kujificha nyuma ya gauni la mama yake. Mtu alimwuliza Waithaka habari ya safari. Alisitasita. Halafu akaanza kusimulia nguzo zilivyoshuka, nyumba ilivyolia, watu walivyotolewa kwa madirisha. Alisimulia vizuri. Watu wale wale waliocheka walitikisa vichwa, wakashika mashavu, wakasema dunia ina mambo.

"Mama Kui, si ukae karibu na mume wako," Kiarie alimwita. "Leo ni siku yako pia."

Mwihaki alikaa. Koti lilinuka dawa ya nondo. Mchungaji aliposimama alimshukuru Mungu ambaye zamani aligeuza bahari kuwa nchi kavu, na leo amemfungulia mtumishi wake njia katika barafu, na watu wakaitikia amina mpaka kuku wakatawanyika. Nyaguthii, kwenye kiti chake cha mjane, aliitikia pamoja nao.

Halafu Kinyua aliomba kipaza sauti. Hakuwa msemaji. Alikishika kama jembe.

"Mimi ni mtu wa makosa," alisema. "Wote mlinisikia. Nilimwita ndugu yangu mwongo. Nilisema ardhi haiwezi kuyeyuka, na nyinyi mkacheka. Kumbe mtu alikuwa anateseka." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Lakini si yeye peke yake nimemkosea. Huyu mama hapa alisimama na mume wake wakati sisi sote tulikuwa tunamdharau. Alikuwa peke yake. Mama Kui, nakuomba msamaha mbele ya baba yangu na mbele ya watu hawa."

Alikuwa analia. Katika miaka yote Mwihaki hakuwahi kumwona Kinyua akilia, hata mzee alipokata roho. Watu walianza kupiga makofi polepole. Waithaka alikuwa anatazama jeneza. Mkono wa Nyaguthii ulimfikia Mwihaki kwenye goti, ukambana kidogo, kwa upole, kama wanavyombana mtoto kanisani anyamaze.

Mwihaki alisimama.

"Usiniombe msamaha, Kinyua," alisema. Hakuchukua kipaza sauti. "Wewe hukukosea. Ulisema hataki kuja, na ni kweli. Barafu ni kweli pia, lakini hiyo ilikuwa mwaka jana. Huyu ametoka Bungoma asubuhi hii. Amekuwa Bungoma tangu mwezi wa saba."

Waliokuwa mbele walisikia. Waliokuwa nyuma waliuliza amesema nini, na habari ikapita kutoka kiti hadi kiti, mstari hadi mstari, mpaka ikafika kwa wale waliosimama kando ya ua, na ilipofika huko hakukuwa na mtu aliyecheka. Kiarie alimtazama Waithaka akingoja akane. Waithaka alijifuta jasho kwa ukosi wa manyoya.

"Mama?" Kinyua aliuliza.

Nyaguthii alitazama mikono yake.

Kinyua alishusha kipaza sauti, kikitoa mlio mwembamba mpaka mtu akakizima. Halafu akalichukua koleo lililokuwa limechomekwa kwenye lundo la udongo, akaenda mpaka mbele ya ndugu yake, akamnyooshea.

"Baba alisema ni wewe," alisema. "Rusha."

Jeneza liliteremshwa. Waithaka akarusha udongo wa kwanza akiwa na koti lake, watu wakimtazama, na udongo ulikuwa mkavu kiasi kwamba nusu yake iliruka kama vumbi. Kinyua alilichukua koleo kutoka mikononi mwake. Kabla kaburi halijajaa, lile gari la kukodi lilisikika likigeuka barabarani, na hakuna aliyegeuza kichwa.


Watu walipokwisha kula na kutawanyika, Mwihaki alibaki nje ya jiko na sufuria kubwa za kanisa, akizisugua kwa majivu. Kinyua alikuwa anapakia viti kwenye mkokoteni. Nyaguthii alikuja akasimama karibu, bado na kitambaa cheusi kichwani.

"Ungengoja tumalize kuzika," alisema.

"Baba alingoja, mama."

Nyaguthii alikaa kwenye kigoda. Ghafla alionekana mzee kuliko mumewe alivyokuwa. "Yule ni mtoto wangu," alisema. "Aliniomba nisiseme. Nilifikiri nikimsema atapotea kabisa, nisimwone tena. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Mwihaki aliendelea kusugua mpaka masizi yakatoka na bati likaonekana.

"Ungeniambia mimi," alisema. "Ningenyamaza pamoja na wewe."

Nyaguthii alinyoosha mkono kuchukua sufuria nyingine amsaidie. Mwihaki aliisogeza upande wake, nje ya mkono ule, akaiosha mwenyewe.